Ukuta Ukivunjwa, Mzigo Hubaki

Mazungumzo haya yanahusu jambo linalofanyika kila siku katika miji ya Afrika Mashariki, tena mara nyingi bila mtaalamu kuitwa wala karatasi yoyote kuandikwa, nalo ni kuvunja ukuta wa ndani katika nyumba ambayo tayari watu wanaishi. Familia imeongezeka na sebule imekuwa finyu, kwa hiyo mwenye nyumba anataka kuiunganisha na chumba cha kulia chakula; mwingine ana nyumba iliyopakana na barabara na angependa vyumba viwili vya mbele viwe duka moja; wa tatu amenunua nyumba ya ghorofa iliyojengwa zamani na hataki tena jiko lililojitenga na sebule. Matakwa hayo yote ni halali, na nyumba nyingi zinaweza kubadilishwa bila kumdhuru mtu. Hata hivyo, ukuta unapovunjwa, mzigo uliokuwa juu yake hubaki palepale ukitafuta pa kuegemea, na kwa sababu hiyo ni lazima, kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa, awepo mtu mwenye elimu ya kuonyesha mzigo huo utapita wapi, ambaye pia yuko tayari kuweka jina lake na muhuri wake chini ya jibu lake. Mtu huyo ni mhandisi wa miundo.

Mhandisi wa miundo ni mhandisi wa ujenzi aliyebobea katika zile sehemu za jengo zinazobeba uzito, yaani msingi, nguzo, kuta, bimu, slabu na paa. Kazi yake ni tofauti na ya msanifu majengo, ambaye hupanga vyumba, mwanga, hewa na sura ya nyumba, na ni tofauti pia na ya mkandarasi, ambaye hutekeleza yaliyochorwa. Swali ambalo mhandisi wa miundo hulijibu ni lile la njia ya mzigo: uzito wa bati hupita katika papi, papi huupeleka kwenye kenchi, kenchi huukabidhi kwa ukuta, ukuta huushusha hadi kwenye msingi, na msingi huutandaza juu ya ardhi. Ukuta ulio ndani ya njia hiyo huitwa ukuta wa kubeba, na ule ulio nje yake, ambao unatenganisha vyumba tu na kujibeba wenyewe, huitwa ukuta wa kugawa. Ukuta wa kugawa unaweza kuondolewa kwa gharama ndogo na hatari ndogo, ilhali ukuta wa kubeba hauwezi kuguswa mpaka njia nyingine ya mzigo iwe imekwisha kutengenezwa.

Tatizo ni kwamba kuta hizo mbili hufanana. Katika nyumba nyingi za matofali ya saruji kuta zote, za nje na za ndani, zimejengwa kwa tofali la inchi 5 au 6, hivyo unene hausemi lolote juu ya kazi ya ukuta. Na kugonga kwa kiganja ili kusikiliza sauti, jambo linalofanywa sana, hutambua plasta iliyoachia lakini hakutambui mzigo. Wengi huamini kwamba nyumba isiyo ya ghorofa haina kuta za kubeba zaidi ya zile za nje, kwa hoja kwamba kenchi huvuka kutoka ukuta wa nje mmoja hadi wa pili bila kuhitaji msaada katikati. Hoja hiyo ni sahihi pale tu kenchi zilipobuniwa na kuungwa hivyo. Mahali ambapo fundi seremala aliunga mbao fupi mbili juu ya ukuta wa kati, au alisimamisha kipande cha mbao kutoka ukuta huo hadi kwenye paa ili kuzuia mbao zisipinde, ukuta wa kati umegeuka kuwa wa kubeba ingawa haumo hivyo katika ramani yoyote. Vivyo hivyo, ukuta ulio chini ya tanki la maji la lita 2,000 umebeba tani mbili za maji mbali na uzito wa tanki lenyewe na wa jukwaa lake. Tena uko ukuta usiobeba chochote kutoka juu lakini unaushikilia kwa ubavu ukuta mwingine mrefu, na ukiondolewa, ule mrefu hubaki bila wa kuuzuia upepo unapousukuma.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zinaonyesha kanuni hii kwa namna iliyo wazi kuliko nyumba yoyote ya kisasa. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo aghalabu hufikia unene wa nusu mita au zaidi, hubeba boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, na kwa kuwa boriti hizo haziwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita 2.5 hadi 3. Umbo la chumba, kwa hiyo, lilitokana na uwezo wa boriti, na karibu kila ukuta mrefu katika nyumba ya namna hiyo unabeba. Zaidi ya hayo, ndani ya ukuta huo mnene hakuna matofali yaliyopangwa kwa kufungana, bali mawe madogo yaliyoshikwa na chokaa ambayo hudhoofika maji yanapoingia, na tundu likifunguliwa bila kushikiliwa juu, mawe hayo huanza kumwagika. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo kubwa la mwaka 1883 lililoko Forodhani, Zanzibar, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha; jengo la aina hiyo huhitaji utaalamu hata linapokarabatiwa kwa nia ya kulihifadhi, sembuse linapobomolewa ukuta.

Uzito unaozungumziwa hapa ni mkubwa kuliko macho yanavyokadiria, na hesabu ndogo inatosha kulithibitisha hilo. Ichukuliwe nyumba ya ghorofa moja ambayo chini ina vyumba viwili vyenye upana wa mita 4 kila kimoja, vikitenganishwa na ukuta ambao mwenye nyumba anataka kuufungua kwa urefu wa mita 4. Slabu iliyo juu ni ya zege lenye unene wa sentimita 15. Ukuta huo hupokea nusu ya slabu ya kila upande, yaani mita 2 kushoto na mita 2 kulia, na kwa hiyo eneo la slabu linaloegemea sehemu itakayofunguliwa ni mita za mraba 16. Zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilo 2,500 kwa mita moja ya ujazo, hivyo slabu hiyo peke yake ni tani 6. Vigae, saruji iliyo chini yake na plasta ya dari, vikikadiriwa kuwa kilo 100 kwa mita ya mraba, huongeza tani 1.6, nao watu, vitanda na makabati, kwa kiwango cha kilo 150 kwa mita ya mraba ambacho hutumika sana kwa nyumba za kuishi, huongeza tani 2.4. Ikiwa ghorofani kuna ukuta wa matofali uliosimama juu ya ule wa chini, wenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3, hiyo ni tani 4 nyingine. Jumla inafika tani 14, na paa bado halijahesabiwa.

Tani hizo 14 zilikuwa zimegawanyika sawasawa katika urefu wote wa mita 4. Ukuta ni kama wapagazi wengi waliosimama bega kwa bega chini ya mzigo mmoja. Wa katikati wakiondolewa na boriti ikapitishwa juu, wawili waliobaki pembeni ndio watakaobeba sehemu ya wenzao wote. Katika mfano huu kila ncha ya bimu mpya itaegemeza tani 7 juu ya kipande cha ukuta kilichobaki. Bimu hiyo ikikalia sehemu ya tofali yenye upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 20, kila sentimita moja ya mraba ya tofali itabanwa na uzito unaozidi kilo 23, kiwango ambacho tofali lililofyatuliwa kwa saruji kidogo haliwezi kukistahimili kwa usalama. Ndiyo sababu kununua chuma kinene na kukipachika ukutani hakumalizi kazi, kwa kuwa bimu inaweza kuwa imara kabisa na nyumba ikaanguka kwa sababu ya matofali yaliyopondeka chini ya ncha zake. Mhandisi huamua kama ncha hizo ziwekewe bloku la zege la kutandaza uzito au zijengewe nguzo mpya, kisha hushuka hadi chini kabisa na kuuliza kama msingi wa mkanda, uliochimbwa kupokea uzito uliosambaa, unaweza kupokea tani 7 katika nukta moja, hasa mahali penye udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi.

Liko jambo jingine lisiloonekana hata kidogo, nalo limo ndani ya zege lenyewe. Zege lina nguvu kubwa likibanwa lakini ni dhaifu likivutwa, na nondo huwekwa mahali ambapo mvuto utatokea. Katikati ya chumba slabu huelekea kupinda kwenda chini, hivyo mvuto uko upande wa chini na nondo zake kuu huwekwa chini. Lakini slabu inayoendelea kupita juu ya ukuta wa kati hupinda kinyume pale juu ya ukuta, hivyo mvuto huhamia upande wa juu na nondo kuu hupaswa kuwekwa juu. Ukuta ukiondolewa bila kitu cha kuchukua nafasi yake, ile sehemu iliyokuwa juu ya ukuta inakuwa katikati ya chumba kimoja kirefu, mvuto unageukia chini, na huko chini nondo ni chache au hazipo. Wakati huohuo nafasi ambayo slabu inaivuka imeongezeka maradufu, na kanuni za uhandisi zinaonyesha kwamba kwa mzigo uleule katika kila mita, urefu wa kuvuka ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kupinda huongezeka mara nne na kunesa huongezeka mara kumi na sita. Slabu iliyodumu miaka 30 bila ufa haitoi dhamana yoyote katika hali hiyo, maana miaka yote hiyo ilikuwa ikifanya kazi tofauti.

Historia ya majengo imeweka kumbukumbu za yale yanayotokea njia ya mzigo inapokatwa. Tarehe 16 Mei 1968 mlipuko wa gesi katika ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, mashariki mwa London, ulizisukuma nje kuta za kubeba za nyumba moja ya pembeni. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa, lakini ghorofa zilizokuwa juu zilikosa pa kuegemea zikaanguka, na uzito wake ukaziangusha zile za chini moja baada ya nyingine, hata pembe nzima ya jengo lenye ghorofa 22 ikaporomoka na watu wanne wakafa. Baada ya tukio hilo Uingereza ilibadilisha kanuni zake za ujenzi ili kupotea kwa sehemu moja ya jengo kusilete anguko la jengo zima. Huko Seoul, Korea Kusini, duka kubwa la Sampoong liliporomoka tarehe 29 Juni 1995 na kuua watu 502, baada ya jengo kuongezewa ghorofa ambayo haikuwamo katika mpango wa awali, nguzo kupunguzwa unene, na mitambo mizito ya kupoza hewa kuwekwa juu ya paa na kuhamishwa hukohuko. Mkandarasi wa kwanza aliyakataa mabadiliko hayo, akaondolewa kazini, na kazi ikaendelea bila yeye. Katika msiba huo ujuzi ulikuwapo na ulisema, lakini mwenye mali alikuwa na uwezo wa kumwondoa aliyesema hapana.

Afrika Mashariki nayo imezika watu wake kwa sababu ya majengo. Jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, na kuua zaidi ya watu 30. Huko Huruma, Nairobi, jengo la kupangisha lilianguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 wakati wa mvua kubwa, na makumi ya watu wakafa. Na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa la biashara lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha, na serikali ikaunda timu ya kuyachunguza majengo ya eneo hilo. Kila tukio lina sababu zake na si haki kuyaunganisha yote na kuvunjwa kwa kuta, lakini yote yanathibitisha kwamba jengo linapoanguka halichagui kati ya aliyeamua na asiyejua lolote, kwa kuwa mpangaji, mteja na mpita njia huwa chini ya zege lilelile.

Mhandisi akiitwa mapema, hatua za kazi yake zinajulikana. Kwanza hufika nyumbani na kuitazama nyumba yote, dari kwa sakafu, kwa sababu ukuta wa chini hauwezi kueleweka bila kujua kilicho juu yake. Huomba ramani za awali, na zisipokuwapo, jambo ambalo ni la kawaida, huagiza plasta ikwanguliwe na zege lichimbuliwe katika sehemu chache ili nondo zionekane, au hutumia kifaa cha kuzitafuta bila kuchimbua. Baada ya kupiga hesabu hutoa michoro inayoeleza ukubwa wa bimu, idadi na unene wa nondo zake, nafasi kati ya ringi, vitalu vya kukalia, nguzo na msingi wake. Michoro mizuri hueleza pia mpangilio wa kazi, yaani kipi kitangulie na kipi kifuate, kwa maana nyumba nyingi huwa katika hatari kubwa zaidi katikati ya kazi, wakati ukuta umekwisha kutoka na bimu bado haijaanza kubeba.

Sehemu hiyo ya kazi huitwa egemeo la muda, na inastahili uangalifu wa pekee. Matundu hutobolewa sehemu ya juu ya ukuta, mihimili mifupi hupitishwa humo, na kila upande wa mhimili hushikwa na jeki la chuma lililosimama juu ya ubao mnene unaotandaza uzito sakafuni. Na kama sakafu hiyo yenyewe ni slabu iliyo juu ya chumba kingine, majeki hupangwa katika chumba hicho pia hadi uzito ufike ardhini. Mirunda iliyopinda, iliyoungwa kwa misumari na kuegeshwa juu ya vipande vya matofali, haifai kwa tani 14. Bimu ya chuma ikishawekwa, nafasi ndogo iliyobaki kati yake na kilicho juu hujazwa na kushindiliwa mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga, kwa kuwa pakiachwa wazi bimu haitabeba mpaka nyumba ikae chini na kupasuka kwanza. Bimu ya zege nayo hudai subira: hutunzwa kwa kumwagiwa maji kwa siku saba au zaidi, nguvu yake hupimwa kwa kawaida katika siku ya 28, na majeki hayaondolewi hadi mhandisi aridhie. Fundi anayelipwa kwa siku na mwenye nyumba anayetaka kuhamia haraka hushawishika kuyaondoa ndani ya wiki moja, na katika shauri hilo mhandisi ndiye anayepaswa kuwa na neno la mwisho.

Hayo yote hayapunguzi heshima ya fundi. Fundi mwenye uzoefu anajua namna ya kuifanya kazi iwe safi, anajua tofali linavyokatika na zege linavyochanganywa, na mhandisi asiye na fundi hodari hawezi kujenga hata kizingiti. Lakini uzoefu wa fundi umetokana na kuta zilizovunjwa zisilete madhara, na ukuta ambao haujavunjwa unaweza kuwa na mzigo ambao hajawahi kukutana nao. Kumwachia uamuzi huo ni kumtwika jukumu ambalo hakulisomea wala halipwi kwa ajili yake, na nyumba ikianguka yeye ndiye wa kwanza kuwa chini yake.

Sheria nayo imeweka mipaka. Nchini Tanzania wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na nchini Kenya kazi hiyo ni ya Bodi ya Wahandisi chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba namba ya usajili na kuithibitisha kabla ya kulipa chochote. Mabadiliko yanayogusa muundo wa jengo huhitaji kibali cha halmashauri, au cha kaunti kwa upande wa Kenya, na katika maeneo ya urithi kama Mji Mkongwe huhitaji ridhaa ya mamlaka ya hifadhi. Pale ambapo ukuta unatumiwa na nyumba mbili au familia kadhaa zinaishi katika jengo moja, majirani wajulishwe mapema, kwa kuwa mzigo wao pia umo humo.

Wengi hukwama kwenye gharama, na si haki kulipuuza hilo, kwa kuwa nyumba nyingi hujengwa kidogo kidogo kwa fedha iliyopatikana kwa taabu. Hata hivyo ziara ya kwanza ya mhandisi ni sehemu ndogo ya matumizi yote, na mara nyingine hutoa habari njema, kwamba ukuta ni wa kugawa tu, au kwamba uwazi wa mita 2.5 badala ya mita 4 utaleta nafasi inayotakiwa kwa bimu ndogo na bila nguzo mpya. Mwenye nyumba atakayemwajiri amdai mambo matatu: michoro yenye sahihi na muhuri, maelezo ya maandishi ya mpangilio wa kazi pamoja na egemeo la muda, na ahadi ya kurudi kukagua nondo zikishafungwa na kabla zege halijamwagwa, kwa sababu zege likishamwagwa hakuna atakayeziona tena.

Kwa wale ambao ukuta wao ulikwisha kuvunjwa bila ushauri huo, wakati bado upo. Nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za uwazi, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unagoma, dari inayoonekana kubonyea na plasta inayobanduka kwenye ncha za bimu ni dalili zinazotaka watu waondoke katika eneo hilo, mzigo ulio juu upunguzwe, majeki yasimamishwe chini ya usimamizi wa mtu anayejua, na mhandisi aitwe siku hiyohiyo. Kuziba nyufa kwa plasta na rangi kunaondoa ushahidi tu na kuiacha hatari ilivyo. Na mwenye nyumba ambaye kwa sasa hana fedha ya kumlipa mhandisi hajakatazwa kuipenda sebule pana. Auache ukuta usimame mpaka atakapoweza kumlipa, kwa kuwa sebule finyu inaweza kusubiri mwaka mmoja au miwili bila kumdhuru yeyote kati ya wanaolala chini ya slabu hiyo.